Duka la maganda na makopo, Tabora: vyuma nimevipenda, kopo limenitoa jasho

Kila kitu cha zamani hapa Tabora ni cha Mjerumani. Ukiuliza kisima, cha Mjerumani. Kufuli lililogoma kufunguka, la Mjerumani. Niliwahi kuoneshwa baiskeli ya Phoenix, jina la kampuni ya Mchina linasomeka wazi kwenye bomba, nikaambiwa nayo iliachwa na Mjerumani alipokimbia. Kwa hiyo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja anayejua umri wa vyuma vya kale, nilikwenda na kisanduku changu huku jibu nimeshalijua.

Duka lenyewe halina kibao. Liko kwenye uchochoro wa mafundi baiskeli, si mbali na soko kuu, na ukilipita mara ya kwanza usijilaumu. Mlangoni pamening'inizwa karabai, pasi za mkaa na kengele za ng'ombe. Ndani ni makopo toka sakafuni hadi kwenye mabati. Mzee ana kiti cha kamba, tochi ya kichwani na kioo cha kukuzia alichokifunga uzi shingoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza natokea wapi. Nilipomwambia niliwahi kuwa idara ya wanyamapori akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo jina langu pale ni Bwana Nyama.

Nieleze kisanduku, maana ndicho kilichonipeleka. Marehemu baba mdogo alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa Kizungu enzi za ukoloni, na mmoja wao alipoondoka nchini alimwachia sanduku la mbao lenye vifaa vya kujazia risasi za shotigani. Mashine ndogo ya kukunjia mdomo wa risasi yenye ganda la karatasi, kipimo cha baruti na marisau (zile punje zinazoruka kutoka kwenye shotigani), kijiti cha kushindilia, mzani wa shaba uliopotelewa na sahani moja, na maganda 19 ya shaba. Wadogo zangu walikuwa tayari kuuza vyote kwa kilo kwa wanunuzi wa chakavu. Nikawaambia subirini kwanza.

Na niliseme mapema ili mtu asije akaniletea maneno: mimi sijazi risasi. Huko Marekani watu wanafanya hivyo mezani kwao, ni burudani ya kawaida na vifaa vyake vinauzwa dukani. Kwetu silaha na risasi zina sheria yake, ya mwaka 2015, na leseni yangu ni ya kumiliki bunduki moja kwa ajili ya shamba langu la Sikonge, haisemi popote kwamba nitengeneze risasi. Nilichotaka ni viwili tu. Nijue vitu hivi ni vya lini, na nijue kipi bado kinaweza kufanya kazi ya mtu mwenye akili timamu.

Kwenye kusoma umri, mzee ni bingwa. Nilitegemea atachukua ndimu na majivu kusugua shaba, kama mama zetu wanavyosugua sinia. Nilipoigusia ndimu alinikata jicho. "Mwanangu, ndimu inakula herufi. Ikishazila herufi umebaki na chuma." Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, akafuta mashine taratibu, kisha akalaza karatasi nyembamba ya sigara juu ya bamba na kupitisha penseli kwa ubavu. Herufi zikaanza kujitokeza nyeupe katikati ya weusi wa penseli, moja moja: JAMES DIXON & SONS, na chini yake SHEFFIELD. Mimi nilikaa na mashine ile miaka minane nikijua haina maandishi.

"Ya Mjerumani," akasema.

Nikamwambia Sheffield ni Uingereza. Hakutikisika. Akanijibu kwamba hata Mjerumani alikuwa akinunua vitu vya Mwingereza kabla hawajagombana. Hoja hiyo siwezi kuipinga, lakini haitoshi kupandisha bei, na nitalirudia hili la bei.

Kilichomaliza ubishi ni kifuniko cha sanduku. Upande wa ndani kuna kikaratasi cha duka la Dar es Salaam, kimeliwa na mende nusu. Jina la duka halipo tena, ila imebaki "Tanganyika Territory" na bei, "Shs. 85/-". Mzee alikipiga tochi na mwenyewe akaanza kuhesabu kwa vidole. Hapa kwetu Mjerumani alitumia rupia. Jina la Tanganyika lilikuja na Mwingereza, 1920, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza 1921. Uhuru ukaja 1961, na neno "Territory" likaishia hapo. Sanduku basi liliuzwa katikati ya miaka hiyo. Halafu akageuza maganda matako juu. Mengi yameandikwa Eley-Kynoch pamoja na herufi tatu, I.C.I. Eley ilikuwa kampuni ya London na Kynoch ya Birmingham, zikaunganishwa chini ya mwavuli mmoja 1918, na ICI yenyewe, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza, ilizaliwa 1926. Ganda lenye herufi hizo haliwezi kuwa limetangulia 1926, hata ukiapa kwa msahafu. Ganda moja tu limeandikwa Eley Bros London, na hilo ndilo babu yao.

Mzee alikaa kimya kidogo. "Basi ni la Mwingereza," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepunguziwa pensheni.

Baada ya hapo alifungua karai la maganda yake mwenyewe, na kwa kweli ningelipa kiingilio kwa nusu saa ile. Kwa wasiojua, Wabelgiji wakiongozwa na Jenerali Charles Tombeur waliingia Tabora Septemba 19, 1916, baada ya mapigano ya siku kadhaa nje ya mji. Maganda ya vita ile bado wakulima wanayaokota wakati wa kutifua matuta. Mzee ana rula ya shule, ya mbao, na ndiyo mashine yake kuu. Ganda lisilo na ukingo likipima milimita 53, anasema Mbelgiji. Likifika 57, Mjerumani, na safari hii ana haki. Matakoni mwa lile la 57 nilisoma herufi P, ambayo ni kiwanda cha Polte kule Magdeburg, kisha namba za mwezi na mwaka, na 67, yaani asilimia ya shaba nyekundu kwenye mchanganyiko. Hebu fikiria, mtu kakuandikia tarehe ya kuzaliwa hadi mwezi kwenye kitu cha kutupa.

Kuna mengine manene, ya milimita 11, yenye ukingo. Hayo ni ya ile bunduki ya Mauser ya 1871, ambayo askari wengi Waafrika wa Mjerumani walikuwa bado wanaibeba vita ilipoanza. Ilitumia baruti nyeusi, na kila mlio ulikuwa unatoa wingu la moshi linalomwambia adui: niko hapa.

Alinifundisha pia kitu ambacho miaka yote ya kazini sikuwahi kukiangalia. Piga tochi ndani ya ganda hadi chini. Ukiona tundu moja katikati, fataki yake, yaani kile kikopo kidogo cha matakoni kinachowasha baruti, ni ya mtindo wa Boxer, inatoka kirahisi kwa sindano na ganda linajazika tena. Ukiona vitundu viwili vidogo vimekaa pembeni kama macho ya kinyonga, ni mtindo wa Berdan, na kuitoa fataki ni kazi ya kulaani. Kichekesho ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na mtindo wake ukapendwa Marekani, wakati Berdan alikuwa Mmarekani na wake ukapendwa Ulaya. Maganda karibu yote ya karai lile yalikuwa ya macho mawili.

Mjini kwetu ganda la risasi limewahi kuwa hela. Mwaka 1916 Wajerumani walipozibwa njia ya bahari na sarafu zikawakauka, walifungua kiwanda cha sarafu kwenye karakana ya reli hapa hapa Tabora. Walipiga heller 20, yaani senti za rupia yao, kwa shaba, nyingine ikitokana na maganda, na zina herufi T chini ya mwaka. Walipiga na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Mzee ana heller 20 mbili. Moja ina kingo chafu chafu na alama haijakaa katikati, hiyo naiamini, maana zilipigwa kwa haraka. Nyingine imenyooka mno, inang'aa mno, na nikimtazama anageuza uso. Ukienda, nunua ile mbaya.

Sasa matumizi. Mashine ya kukunjia ilikosa kishikio na parafujo moja. Mzee akamwita fundi wa jirani, kijana wa baiskeli, akachonga parafujo kutoka kwenye spoku nene na kishikio kutoka mninga. Kazi safi, kwa ahadi ya siku mbili, Sh 12,000. Nimeifunga kwenye ukingo wa meza ya sebuleni na wajukuu wanaizungusha hewani. Zamani ulikuwa unaingiza risasi ya karatasi iliyokwisha shindiliwa na kufunikwa kadi, unazungusha, na mdomo wa karatasi unajikunja kwa ndani kama upindo wa kanga. Risasi za plastiki zilipoenea kuanzia miaka ya 1960, mashine hizi zikabaki hazina kazi. Yangu nayo haina kazi, ila inazunguka vizuri, na mimi hiyo inanitosha.

Mzani ndio uliolipa gharama zote. Mzee alinitafutia sahani nyingine kwenye lundo lake, haifanani kabisa na mwenzake, akaisawazisha kwa kukata ukingo kidogo kidogo na mkasi wa bati huku akipuliza. Vijiwe vyake ni vya greni, kipimo cha Kiingereza ambacho 7,000 zinafanya ratili moja. Greni 100 inatakiwa kuwa gramu 6.48. Niliupeleka kwa mpwa wangu mwenye duka la dawa, tukaweka kijiwe cha 100 kwenye mzani wake wa betri: 6.5. Nikacheka peke yangu barabarani. Mzee anasema wachimbaji wadogo wa kule Nzega humsumbua sana kuhusu mizani ya namna hii, na simlaumu atakayewauzia, ila wangu siuzi.

Kipimo cha baruti nacho nimekipa ajira. Ni kikombe cha shaba chenye mkono, ndani kina sakafu inayopanda na kushuka, na ubavuni mistari: dramu (kipimo cha zamani cha Kiingereza) za baruti upande mmoja, wakia za marisau upande wa pili. Mwezi wa nane uliopita nilipimia mbegu za tumbaku za kitalu. Wakulima wenzangu wanajua balaa la mbegu ile, gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000, ukipiga chafya umepoteza shamba. Kwa kikombe hiki kila kopo la kumwagilia lilipata kiasi kile kile na miche ikatoka sawasawa, haikubanana upande mmoja kama mwaka juzi.

Lakini mistari ile ya dramu inanipeleka pale pabaya, na hapa ndipo nyota ninazolipa duka hili zinapoanza kudondoka.

Kwenye rafu ya chini mzee ana makopo ya kale ya baruti. Anayauza kama mapambo, na ni mazuri kweli, rangi nyekundu na dhahabu, herufi za kujikunja. Nikachagua moja, Sh 25,000, bei ya Mjerumani ingawa nilishaziona zile herufi tatu za ICI pembeni. Kifuniko kilikuwa kimeganda. Nikalitikisa, likasema chaka-chaka. Nikamuuliza kuna nini ndani, akaniambia kutu, makopo yote hayo ni matupu, na kama ni baruti basi ni ile nyeusi, haiozi. Nikamwamini. Nikapanda bodaboda na kopo mapajani, saa nane mchana, jua la Oktoba la Tabora. Nikikumbuka sasa hivi vinyweleo vinasimama.

Nyumbani nilifungua kifuniko kwa bisibisi chini ya mwembe. Harufu ndiyo ilinifikia kwanza: kali, chachu, kama siki iliyochanganywa na kitu cha hospitali, inachoma ndani ya pua. Bati upande wa ndani lilikuwa limeliwa kutu wakati nje lina rangi nzima. Chini kulikuwa na robo kopo ya vijipande vidogo bapa, vimeshikana, na juu yake vumbi la rangi ya matofali. Nikageuza kopo kwenye mwanga, nikasoma kilichobaki kwenye karatasi: ...MOKEL...

Smokeless. Baruti isiyo na moshi.

Hapa ndipo mzee na wengi wetu tunapochanganya. Baruti nyeusi, ile ya gobore, ni mkaa, salfa na shura. Ikikaa kavu haibadiliki, ndiyo maana wazee wanasema haiozi, na wana haki. Ile isiyo na moshi ni mtoto wa kemia, Mfaransa Paul Vieille aliileta 1884, na hiyo inaoza. Inajivunja yenyewe pole pole na kutoa tindikali, tindikali inaharakisha kuvunjika, na joto linaongeza kasi. Harufu chachu na kutu ya ndani ni dalili kwamba imefika mwisho, na ikifika huko inaweza kujipasha moto hadi ikawaka bila kiberiti. Kwenye duka la mabati, Tabora, Oktoba.

Na hata ingekuwa nzima, mistari ya dramu kwenye kikombe changu ilichorwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Mtu akijaza ile nyingine hadi kwenye mstari huo huo, mtutu unamfungukia usoni. Kazini nilishaona gobore lililofunguka hivyo. Mwenyewe sikumwona, alikuwa ameshapelekwa hospitali.

Sikulirudisha kopo ndani. Niliwafukuza watoto, nikaliacha kivulini mbali na nyumba kifuniko kikiwa wazi, nikapiga simu polisi. Walikuja na swali la kawaida, umelipata wapi, nikajibu, wakaandika, nikasaini, wakaondoka nalo. Kopo langu la Sh 25,000 likaenda hivyo, rangi nyekundu na dhahabu.

Kesho yake nilirudi dukani nikiwa nimevimba. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Nimelala chumba cha nyuma ya rafu ile miaka kumi na moja, Bwana Nyama." Akanirudishia hela zangu bila kuombwa. Tukapiga tena simu, polisi wakaja, makopo tisa yakakaguliwa. Mawili yalikuwa na kitu na yakaondoka. Kwenye droo kulikuwa pia na kikopo kidogo cha fataki za zamani, karibu nusu, alichokuwa akikitumia kuzuia mlango usigonge. Nacho kikaondoka.

Kuhusu maganda ya shaba, usiyanunue ukidhani ni mazima kwa sababu yanang'aa. Fataki nyingi za zamani zilikuwa na zebaki, na zebaki inaifanya shaba iwe dhaifu. Ganda langu la Eley Bros, yule babu, nililibana kwa vidole kuona ugumu wake, likapasuka mdomoni kama ganda la karanga. Fataki hizo zilikuwa na chumvi pia. Baba mdogo alikuwa akimimina maji ya moto mtutuni kwanza ndipo anapaka mafuta, nami nilidhani ni ushirikina wa porini, kumbe chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Na ukiona unga mweupe kwenye marisau ya zamani ni kutu ya madini ya risasi, sumu, usishike halafu ukala muhogo.

Nikipiga hesabu: kusoma umri wa vitu, nyota tano, sijaona mwingine hapa mjini. Ukarabati kupitia kijana wa baiskeli, nne, kwa sababu siku mbili zilikuwa tatu. Bei, mbili. Kila kitu anaanzia kwa Mjerumani na ni juu yako kumshusha hadi kwa Mwingereza, ukiwa na ushahidi. Mimi kwa kikaratasi cha "Tanganyika Territory" nilipunguziwa Sh 10,000 kwenye sahani ya mzani. Makopo, ilikuwa sifuri, sasa naweka tatu, kwa sababu nilipita Jumamosi nikakuta utaratibu mpya: kila kopo linafunguliwa mbele ya mteja, nje, barabarani, na mteja ndiye anayeshika kifuniko. Anafungua saa tatu, anafunga kwa ajili ya swala ya adhuhuri, jioni inategemea. Chenji hana kamwe.

Jumamosi hiyo alikuwa na kopo jipya la chai, tupu kabisa, tumelifungua pamoja. Chini limeandikwa Mombasa. Nilimuuliza la lini.

Mnajua alichosema.